Jinsi ukuaji wa uchumi ulivyoiteka siasa

Hakuna mgombea anayepanda jukwaani akaahidi kwamba, akichaguliwa, uchumi utabaki pale pale ulipo. Chama tawala kitasema umekua kwa asilimia kadhaa, upinzani utasema takwimu zimepikwa au ukuaji haujafika mifukoni mwa watu, na malumbano yatakwenda hivyo hadi siku ya kura. Kinachobishaniwa ni kasi na njia. Kwamba nchi lazima ikue, na kwamba serikali ipo ili nchi ikue, hilo halina mjadala. Hata wanajeshi wanaopindua serikali alfajiri hutaja uchumi uliodorora katika tangazo lao la kwanza.

Hali hii ni ngeni kuliko tunavyodhani. Kwa sehemu kubwa ya historia watawala waliahidi ulinzi, haki, ushindi vitani, kuilinda dini. Mtawala mbaya alikuwa dhalimu au mwoga; hakuna aliyemlaumu kwa kushindwa kukuza pato. Sasa nini kilibadilika? Jibu la haraka ni kwamba watu walionja utajiri wa viwanda wakautaka zaidi. Sikubaliani nalo sana, kwa kuwa mali imependwa siku zote. Ninavyoona, ukuaji uliiteka siasa kwa sababu uliwapa watawala namna ya kuahirisha ugomvi mkongwe kuliko yote, ule wa nani apate nini.

Duara linavunjika

Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome iliyopo Algeria ya leo, mwanahistoria Ibn Khaldun aliandika utangulizi wa historia yake, na humo dola ina umri kama mtu. Kizazi cha kwanza kina ukali na mshikamano, cha pili kinaanza kustarehe, cha tatu kimesahau kabisa utawala ulipatikanaje. Miaka 40 kwa kila kizazi, 120 kwa jumla, halafu wanakuja wengine. Mzee huyu aliujua uchumi vizuri: alieleza jinsi dola changa inavyotoza kodi ndogo na kupata mapato mengi, na dola iliyochoka inavyotoza kodi kubwa na kuambulia kidogo. Ila maarifa hayo yote hayakumfikisha kwenye wazo kwamba jamii inaweza kutajirika mwaka baada ya mwaka bila kikomo. Historia kwake ilikwenda kwa mzunguko, kama ilivyokuwa kwa wengi waliomtangulia.

Mambo mawili yaliuvunja mzunguko huo, nayo hayakutoka sehemu moja.

La kwanza ni hesabu, na hesabu ilitoka vitani. Mwaka 1665 Uingereza ilikuwa inapigana na Waholanzi huku hazina ikikauka. William Petty, tabibu ambaye awali alisimamia upimaji wa ardhi ya Ireland iliyokuwa inanyang'anywa wenyewe, alikadiria kwamba watu milioni 6 wa England na Wales walikuwa wanatumia pauni milioni 40 kwa mwaka, na kwamba milioni 25 kati ya hizo zilitokana na kazi za watu, wala si ardhi, nyumba au mifugo. Hitimisho lake lilikuwa la mtoza kodi: kwa nini tuwabane wenye ardhi peke yao? Pato la taifa lilizaliwa kama jibu la swali la dola kwamba inaweza kukamua kiasi gani, na tabia hiyo ya kuzaliwa haijalitoka hadi leo.

La pili ni hadithi mpya kuhusu wakati. Mwaka 1750 Turgot, kijana Mfaransa wa miaka 23, alitoa hotuba katika chuo cha Sorbonne, Paris, akidai kwamba akili ya binadamu inasonga mbele, polepole na kwa kujikwaa, lakini inasonga. Mwanafalsafa na mchumi Adam Smith aliwafundisha wanafunzi wake Glasgow, Scotland, kwamba jamii hupitia hatua nne: uwindaji, ufugaji, kilimo, kisha biashara. Mwanafalsafa Mfaransa Condorcet aliliandika andiko lenye matumaini makubwa kuliko yote kuhusu maendeleo ya binadamu akiwa mafichoni, anatafutwa na wanamapinduzi wenzake, na akafia mahabusu mwaka 1794.

Zitazame hatua nne za Smith kwa makini, maana ndani yake kuna jambo lililoleta balaa baadaye. Tofauti za mahali ziligeuzwa kuwa tofauti za wakati. Mfugaji wa nchi nyingine hakuwa tena mtu anayeishi vingine. Alikuwa mtu anayeishi zamani, na Mwingereza alikuwa kesho yake. Mwandishi wa Uingereza James Mill alichapisha historia ndefu ya India mwaka 1817 bila kuwahi kukanyaga India, akaipanga nchi hiyo kwenye ngazi za ustaarabu, na kitabu chake kikatumika kuwafunza maofisa waliokwenda kuitawala. Mjerumani Friedrich List alikubali kwamba ngazi ipo, ila mwaka 1841 akalalamika kwamba Waingereza walioipanda kwa ushuru wa kulinda viwanda vyao sasa wanaipiga teke wengine wasipande. Hoja yake ingali inatumika katika mazungumzo ya biashara ya kimataifa, mara nyingi na watu wasiojua ilikotoka.

Hata hivyo karne ya 19 haikuwa karne ya siasa za ukuaji. Watu walipigania katiba, haki ya kupiga kura, taifa, dini, saa za kazi. Wachumi wenyewe walitarajia ukuaji utafika mwisho. John Stuart Mill, mwana wa yule James, aliandika mwaka 1848 kwamba siku uchumi utakapotulia mahali pamoja haitakuwa msiba, huenda watu wakapata nafasi ya kuishi vizuri zaidi.

Rupia ishirini

Mmoja wa walioiona mapema nguvu ya kisiasa ya hesabu hizi hakuwa mtawala. Dadabhai Naoroji alizaliwa Bombay mwaka 1825, akafundisha hisabati, akafanya biashara Uingereza, na mwaka 1892 akachaguliwa kuingia Bunge la huko. Serikali ya kikoloni ilikuwa inajisifu kwamba reli, mifereji na sheria zake zinaistawisha India. Naoroji hakupoteza muda na hotuba hizo. Alichukua takwimu za serikali yenyewe, jimbo kwa jimbo, zao kwa zao, akajumlisha, akagawanya kwa idadi ya watu, akapata wastani wa rupia 20 kwa kila mtu kwa mwaka, kwa kipindi cha 1867 hadi 1870. Kisha akafanya jambo ambalo kwa ukali wake bado linanishangaza. Alitafuta gharama ya chakula na nguo za mfungwa katika magereza ya India, ambayo nayo ilikuwa imeandikwa kwenye ripoti za serikali, akaiweka kando ya zile rupia 20. Mfungwa alikuwa anagharimu zaidi ya alichonacho Mhindi wa kawaida aliye huru.

Serikali ililazimika kujibu kwa lugha yake. Mwaka 1882 maofisa wakatoa makadirio yao: rupia 27. Mwaka 1901 Gavana Mkuu Curzon akasema ni 30. Hapo kuna jambo kubwa lililopita kimyakimya. Pande mbili zinazopingana, mkoloni na mkosoaji wake, zilikuwa zimekubaliana kwamba uhalali wa utawala unapimwa kwa pato la kila kichwa. Kilichobaki ni kubishania tarakimu.

Namba moja kwa nchi nzima

Mdororo Mkuu ulipoanza mwaka 1929, serikali ya Marekani ilikuwa inaongoza kwa kupapasa. Rais Herbert Hoover alikuwa na bei za hisa, idadi ya mabehewa ya mizigo yaliyopakiwa, na takwimu za viwanda za hapa na pale. Hakuna aliyejua nchi nzima imepoteza kiasi gani, kwa kuwa kulikuwa na reli, benki, mashamba na migodi, kila kimoja na daftari lake. Mwaka 1932 Baraza la Seneti liliitaka Wizara ya Biashara ikadirie pato la taifa, na kazi ikamwangukia Simon Kuznets, mwanauchumi aliyezaliwa Pinsk, katika himaya ya Urusi. Ripoti iliwasilishwa Januari 1934. Kati ya 1929 na 1932, pato la taifa lilikuwa limeporomoka kwa takriban nusu.

Ndani ya ripoti hiyo hiyo Kuznets aliweka onyo: ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa pato lake, na namba haisemi pato limegawanywaje wala limechumwa kwa jasho kiasi gani. Onyo hilo limenukuliwa mara nyingi sana tangu hapo, na kufuatwa mara chache sana.

Vita ikamaliza kilichobaki. London, wachumi James Meade na Richard Stone walitengeneza hesabu za taifa zilizochapishwa pamoja na bajeti ya 1941, mchumi mwenzao mashuhuri Keynes akiwa nyuma yao katika Wizara ya Fedha. Swali lilikuwa lile lile la Petty: vita igharimiwe vipi bila bei kupaa? Washington kulizuka ubishi ambao hausimuliwi vya kutosha. Kuznets alitaka hesabu zionyeshe kile kinachowafikia watu, hivyo bunduki na mabomu yasihesabiwe kama mavuno. Kwake yalikuwa gharama. Wizara ya Biashara ilikataa. Silaha zisipohesabiwa, kila kifaru kinachoundwa kingeonekana kinalipunguza pato la taifa, na serikali ingeonekana inaifukarisha nchi kwa kuilinda. Wizara ilishinda. Tangu wakati huo matumizi ya serikali, hata ya kuua, huongeza pato. Cha ajabu ni kwamba Kuznets mwenyewe alitumia hesabu hizo wakati wa vita kuwaonyesha majenerali ni kiasi gani cha silaha ambacho viwanda vya Marekani vingeweza kutoa, na ni kiasi gani kilikuwa ndoto.

Wakati huo huo, taasisi moja ya utafiti London ilimpa Phyllis Deane, msichana aliyetoka chuo kikuu hivi karibuni, kazi ya kujaribu kama mfumo wa Meade na Stone ungefaa katika makoloni, ikiwemo Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi. Baadaye akaenda huko mwenyewe. Mfumo ulikataa kuingia. Familia zilikuwa zinalima, zinajenga, zinapika, zinachota maji na kuokota kuni, na karibu vyote hivyo havikupita sokoni. Deane alieleza kwamba ukiacha kazi za wanawake nje ya hesabu katika uchumi wa namna hiyo, umepima kipande kidogo ukakiita nchi nzima. Umoja wa Mataifa ulipotoa mwongozo wake wa kwanza wa hesabu za taifa mwaka 1953, kazi za nyumbani zilibaki nje. Kila nchi ikapewa namba moja, iliyokokotolewa kwa kanuni moja, na kwa mara ya kwanza dunia nzima ingeweza kupangwa kwenye orodha, nani juu, nani chini.

Mapatano bila kugawana

Namba peke yake isingetosha kuiteka siasa. Ilihitaji kazi ya kufanya, na mfano bora wa kazi hiyo ninaoujua ni Japani ya 1960.

Mwaka huo nchi ilikuwa inachanika. Waziri Mkuu Kishi alipitisha kwa nguvu mkataba mpya wa usalama na Marekani, mamia ya maelfu wakaingia mitaani, bunge likavamiwa, ziara ya Rais Eisenhower ikafutwa. Kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Miike kulikuwa na mgomo uliodumu miezi mingi. Kishi alijiuzulu, na Julai nafasi yake ikachukuliwa na Hayato Ikeda, ofisa wa zamani wa Wizara ya Fedha aliyewahi kusema maneno makali kuhusu wafanyabiashara wadogo wanaofilisika yakamgharimu uwaziri. Safari hii alikuja na ahadi moja: pato la taifa litaongezeka maradufu ndani ya miaka 10. Hakuujibu ubishi wa mkataba, wala wa katiba, wala wa jeshi. Alibadilisha mazungumzo. Novemba chama chake kikashinda uchaguzi, na ahadi ikatimia mapema, katika takriban miaka 7.

Ukiuelewa mwaka huo, umeielewa sehemu kubwa ya siasa za dunia baada ya Vita Kuu ya Pili. Tajiri na maskini wanaweza kugombana milele juu ya mgawo wa kile kilichopo, maana kila anachopata mmoja kimetoka kwa mwenzake. Keki ya taifa ikiwa inakua, mfanyakazi anaweza kuongezewa mshahara bila mwenye kiwanda kupungukiwa faida, na serikali inaweza kujenga shule bila kupandisha viwango vya kodi. Ujerumani Magharibi waziri wa uchumi Ludwig Erhard aliahidi ustawi kwa wote. Korea Kusini Jenerali Park Chung-hee aliyatumia maendeleo kuhalalisha mapinduzi ya kijeshi ya 1961 na udikteta uliofuata. Mwaka huo huo nchi tajiri zilizounda shirika jipya la OECD zilijiwekea lengo la pamoja la kukua kwa asilimia 50 katika muongo mmoja. Mgawo haukuzungumzwa, na ndiyo ilikuwa faida yake: mabepari na vyama vya wafanyakazi waliweza kutia saini.

Makoloni yanarithi ahadi

Kwingineko mambo yalianza kwa migomo. Trinidad ilichemka mwaka 1937, Jamaica 1938. Huko Rhodesia ya Kaskazini wachimba shaba waligoma 1935 na tena 1940. Mpaka hapo makoloni ya Uingereza yalitakiwa kujilipia yenyewe. Mwaka 1940, katikati ya vita, London ikapitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni iliyotenga hadi pauni milioni 5 kwa mwaka. Fedha zilikuwa kidogo, lakini mantiki ilikuwa mpya. Madai ya mshahara na heshima yaligeuzwa kuwa tatizo la maji, shule na mavuno, ambalo mtaalamu angelitatua bila mtu yeyote kuachia madaraka.

Mradi mkubwa kuliko yote wa mantiki hiyo uliwekwa Tanganyika mwaka 1947. Ekari milioni 3 hivi za pori zingelimwa karanga kwa matrekta ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Kongwa, ulikoanzia mradi, haikuwa na mvua ya uhakika, udongo wake uliyasaga majembe, na mradi ulipofutwa mwaka 1951 takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Kushindwa huko hakukulitia wazo lenyewe doa. Somo lililochukuliwa ni kwamba utafiti ulikuwa haba.

Tarehe 20 Januari 1949 Rais Truman, akiapishwa, alitangaza katika nukta ya nne ya hotuba yake kwamba Marekani itaeneza ujuzi wake wa kisayansi kwa nchi zilizo nyuma kimaendeleo. Zaidi ya nusu ya binadamu wakajikuta kwenye kundi moja. Mkulima wa Andes, mvuvi wa Java na mfanyakazi wa kiwanda cha Calcutta sasa walikuwa na jina la pamoja, nalo lilitaja wanachokosa.

Mtu angetegemea viongozi wa ukombozi waikatae lugha hii. Waliikumbatia, na walikuwa na sababu. Kwanza, kama Naoroji, walikuwa wameushtaki ukoloni kwa kosa la kuwazuia watu wao wasiendelee, hivyo uhuru ungehukumiwa kwa kipimo hicho hicho. Pili, walirithi nchi zenye mipaka ya kuchorwa na wengine, zenye lugha, dini na machifu wengi, na maendeleo yalikuwa jambo ambalo wote wangeweza kulipigia makofi. Tatu, na hapa ndipo pachungu, ahadi hiyo ilifaa kunyamazisha. Mgomo ukawa hujuma dhidi ya maendeleo. Chama kimoja kikatetewa kwa hoja kwamba nchi iliyoachwa nyuma haina muda wa malumbano. Aliyeuliza kwa nini bwawa linajengwa kwao na si kwetu aliambiwa anarudisha ukabila.

Wapo waliojaribu kuigeuza hesabu. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo, likataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ni hoja nzito hadi leo. Lakini lilihoji njia tu. Kwamba safari yenyewe ni ya kwenda kwenye maendeleo, hilo halikuguswa.

Mbio za kambi mbili

Upande wa ukomunisti ahadi ilikuwa kali zaidi. Februari 1931 Stalin aliwaambia wakuu wa viwanda kwamba nchi imeachwa nyuma miaka 50 au 100 na lazima ifidie katika miaka 10, la sivyo itapondwa. Kwa miongo mitatu iliyofuata Mashariki na Magharibi zilipingana karibu kwa kila kitu isipokuwa mstari wa kumalizia. Julai 1959 makamu wa rais wa Marekani Richard Nixon na kiongozi wa Umoja wa Kisovieti Nikita Khrushchev walisimama ndani ya jiko la nyumba ya maonyesho jijini Moscow, wakabishana mbele ya mashine ya kufulia. Nixon aliisifu kwa kumpunguzia mama wa nyumbani kazi. Khrushchev alijibu kwamba vitu kama hivyo wanavyo na kwamba baada ya miaka 7 Wasovieti watakuwa wameifikia Marekani. Hakusema kwamba mashine ya kufulia si kipimo cha mfumo wa kisiasa. Mwaka uliofuata mchumi Mmarekani Walt Rostow alichapisha kitabu chenye hatua tano za ukuaji, akikiita wazi jibu kwa ukomunisti, na baadaye akawa mshauri wa usalama wa rais wakati wa vita ya Vietnam.

Kilichotokea Ryazan, mkoa wa Urusi, wakati huo huo kinafaa kukumbukwa na kila anayeweka malengo. Khrushchev alitaka Umoja wa Kisovieti uipite Marekani kwa nyama, na katibu wa chama mkoani humo, Larionov, akaahidi kuuza kwa serikali nyama mara tatu ndani ya 1959. Lengo lilitimizwa kwa kuchinja ng'ombe wa maziwa na wa mbegu, kuchukua mifugo ya wakulima, na kununua nyama mikoa ya jirani. Desemba Larionov akavishwa nishani ya juu. Mwaka uliofuata mkoa haukuwa na cha kuchinja, ukweli ukajulikana, naye akajiua. China iliuonja ugonjwa huo kwa kiwango kingine kabisa: Mao aliahidi kuipita Uingereza kwa chuma ndani ya miaka 15, wakulima wakaacha mavuno wakayeyusha masufuria katika tanuri za uani, maofisa wakapeleka juu takwimu za mavuno yasiyokuwepo, na njaa ya 1959 hadi 1961 ikaua makumi ya mamilioni.

Kwa nini haiachiki

Mashaka yalianza mapema. Seneta wa Marekani Robert Kennedy aliikosoa namba ya pato la taifa katika kampeni yake ya urais ya 1968. Mwaka 1972 ripoti kuhusu ukomo wa ukuaji ilizua kelele dunia nzima. Mwaka 1990 mchumi wa Pakistan Mahbub ul Haq, akisaidiwa na mchumi wa India Amartya Sen, alileta fahirisi ya maendeleo ya binadamu inayojumuisha umri wa kuishi na elimu. Vyote vikasomwa, vikasifiwa, na waziri wa fedha akarudi kwenye asilimia yake.

Wanaodhani ni ukaidi tu wa wanasiasa hawajaangalia mashine ilivyofungwa. Chukua ajira. Tija ikipanda kwa asilimia 2 kwa mwaka, kazi ile ile inahitaji watu wachache zaidi kila mwaka. Uzalishaji usipokua kwa kasi hiyo hiyo, ama saa za kazi zipunguzwe, ama watu waachishwe. Chukua pensheni, ambazo katika nchi nyingi hulipwa kwa michango ya walio kazini leo. Chukua deni la taifa. Mkataba wa Maastricht wa 1992 uliweka kwamba nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa na deni lisizidi asilimia 60. Namba hizo mbili hukaa pamoja kwa sharti moja ambalo wengi hawalioni: nchi inayokopa asilimia 3 kila mwaka hubaki na deni la karibu asilimia 60 ikiwa tu pato lake, pamoja na mfumuko wa bei, linakua kwa asilimia 5 hivi. Likikua kwa asilimia 2, nakisi ile ile inalipeleka deni kuelekea asilimia 150. Ukuaji haukuandikwa mkatabani kama lengo la asilimia 5, lakini umekaa ndani yake kama msumari.

Nchi zilizokopa kutoka nje zinalijua hili kwa ngozi zao. Baada ya Mexico kushindwa kulipa Agosti 1982, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia yalizilazimisha serikali nyingi kupunguza watumishi na ruzuku kwa jina la kurejesha ukuaji. Wapiga kura hawakushirikishwa. Ile ahadi iliyokuwa ya mtawala kwa watu wake ikawa ya mtawala kwa wakopeshaji.

Halafu kuna aibu ya namba yenyewe. Novemba 2010 Ghana ilibadilisha namna ya kukokotoa, na uchumi wake ukawa mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 60 bila mtu kuongeza tofali. Aprili 2014 Nigeria ikafanya vivyo hivyo, ikapanda kwa asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Julai 2016 Ireland ilitangaza kwamba mwaka 2015 uchumi wake ulikua kwa zaidi ya asilimia 25, hasa kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia huko umiliki wa hataza na mali nyingine zisizoshikika. Takwimu hiyo ilichekwa kiasi kwamba ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ikabuni kipimo kingine cha kutumia nyumbani.

Katika nchi tajiri ukuaji sasa ni wa polepole, na ugomvi ulioahirishwa umeanza kudai zamu yake: mipaka, wageni, bei ya nyumba, wastaafu dhidi ya vijana. Vyama vikuu vilivyozoea kugawana nyongeza vinapata shida kuzungumza na watu wanaouliza juu ya kilichopo tayari. Nchi maskini nazo zina malengo ya Umoja wa Mataifa ya 2015, ambayo yanazitaka zile zilizo nyuma kabisa zikue kwa angalau asilimia 7 kwa mwaka, na ndani ya orodha hiyo hiyo yanaitaka dunia ipambane haraka na mabadiliko ya tabianchi. Yote mawili yalipitishwa siku moja na serikali zile zile.

Machi 2025 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mwongozo mpya wa hesabu za taifa. Sasa nchi inayochimba mafuta au madini yake itatakiwa kuhesabu kupungua kwa akiba hiyo kama gharama, na kipimo cha pato baada ya kuondoa uchakavu wa mitambo na majengo kinapewa uzito zaidi ya awali. Kuchota maji na kuokota kuni kulikubaliwa kama uzalishaji tangu mwongozo wa 1993, ingawa si rahisi kwa ofisi za takwimu kukupima. Kupika, kufua, kulea watoto na kuuguza wagonjwa bila malipo bado kuko nje ya pato la taifa, kwenye jedwali la pembeni ambalo kila nchi inashauriwa kulijaza ikipenda.